Mkosi, nuksi, kisirani: lipi ni lipi?

SWALI: Naandika riwaya ya mvuvi wa Tanga, Juma, ambaye kijiji kizima kinamwona hana bahati. Mhariri amenirudishia muswada akisema nachanganya mkosi, nuksi, kisirani na balaa kana kwamba ni neno moja, na kwa upande wa mazuri nachanganya bahati, heri, baraka na riziki. Kamusi niliyo nayo inafafanua moja kwa jingine. Sentensi alizozipigia mstari ni hizi: (1) "Juma alikuwa na balaa tangu azaliwe." (2) "Nuksi ilitokea jana sokoni, moto ukaunguza vibanda vyote." (3) "Kwa kisirani, Juma alichelewa basi la Pangani." (4) Mama anamuaga mwanawe: "Bahati nzuri safarini, mwanangu." (5) "Baada ya miaka miwili alibahatisha kupata chombo chake mwenyewe." Naomba unifafanulie tofauti na namna ya kuzirekebisha.

JIBU: Ndugu mwandishi, mhariri wako ana haki, na wewe una haki ya kulalamikia kamusi. Ukitafuta nuksi utaambiwa ni mkosi, ukienda kwenye mkosi utaambiwa ni kisirani, na kisirani kitakurudisha kwenye nuksi. Fasili hizo si za uongo, maana katika mazungumzo ya kila siku watu huyabadilishana maneno haya bila kutatizika. Ila mwandishi wa riwaya anahitaji zaidi ya hapo, hasa kama kitabu kizima kinamhusu mtu asiye na bahati.

Njia ninayokushauri ni hii: usilitazame neno peke yake, tazama kitenzi linachotembea nacho. Balaa huzuka, hutokea, humfika mtu. Mkosi humwandama. Nuksi mtu huwa nayo, au huingia nyumbani, kisha huondolewa. Kisirani huletwa, na anayeletewa husema "usiniletee". Gundu hutolewa. Bahati humwangukia mtu. Riziki hutafutwa na hugawiwa. Baraka hutiwa katika kitu na huweza kuondoka. Kadari huandikwa. Ukishajua kitenzi umejua mambo matatu: neno hilo linakaa wapi (ndani ya mtu, nje yake, au katika tukio), limetoka kwa nani, na kama linaweza kuondolewa. Sentensi zako tatu kati ya tano zimeharibika kwa sababu kitenzi na nomino havikubaliani.

Nianze na upande wa mabaya, kwa kuwa ndiko Juma wako anakoishi.

Mkosi una uhusiano na kitenzi kukosa, na hisi hiyo haijafutika. Mwenye mkosi ni mtu ambaye mambo yanampita pembeni mara kwa mara: dema lake (mtego wa samaki) linatoka tupu wakati la jirani lililotegwa hatua chache tu limejaa; anafika mnadani bei imeshashuka; jarife (wavu) jipya linakwama kwenye mwamba siku ya kwanza. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo janga, ila yanafuatana. Ndiyo maana tunasema mkosi umemwandama, au kwa wingi, mikosi imemwandama. Mkosi uko nje ya mtu, uko nyuma yake kama mfuasi. Kwa hiyo mwenye mkosi huonewa huruma. Mama anaweza kusema "mwanangu ana mkosi" bila kumtukana mwanawe.

Nuksi ni kali kuliko hapo, kwa sababu inakaa ndani ya kitu na inaambukiza. Mtu ana nuksi, nyumba ina nuksi, chombo kina nuksi. Neno hili hufuata nomino bila kiunganishi na kufanya kazi ya kivumishi: siku nuksi, mtu nuksi. Mwenye nuksi hukwepwa. Nahodha anayeamini kwamba baharia fulani ana nuksi hatasema "maskini", atamwacha ufukweni, kwa kuwa anaogopa dau zima litarudi tupu kwa sababu ya mtu mmoja. Kama riwaya yako inahusu kijiji kinachomtenga Juma, basi nuksi ndilo neno la kijiji, na mkosi ndilo neno la wanaompenda. Tofauti hiyo peke yake inaweza kubeba sura mbili au tatu za kitabu.

Sambamba na nuksi lipo neno jingine, nuhusi, kutoka Kiarabu nahs. Ni msamiati wa wanafalaki, yaani watazamaji nyota, na linahusu wakati na nyota kabla ya kuhusu mtu. Katika elimu hiyo sayari zimegawanywa kwa saada (za bahati njema) na nuhusi (za bahati mbaya): Mushtarii ni saada kubwa na Zuhura saada ndogo, Zohali ni nuhusi kubwa na Mirihi nuhusi ndogo. Mwenye kuangalia falaki akimwambia mtu asishushe chombo majini siku fulani, hoja yake ni kwamba saa hiyo inatawaliwa na mojawapo ya hizo mbili za mwisho. Shina hilohilo limo katika Kurani, sura ya 41 aya ya 16, panapotajwa siku za nuhusi zilizowafika watu wa Adi kwa upepo mkali. Usiyachanganye na nuksani, ambalo maana yake ni upungufu au kasoro: mzani wenye nuksani unapunja, hauna nuksi.

Kisirani kinatokana na Kiarabu khusrani, kupata hasara. Yaani hasara na kisirani ni ndugu wa shina moja. Maana ya kamusi ni bahati mbaya au kitu kinacholeta bahati mbaya, na wazee wa pwani bado hulitumia hivyo. Lakini leo, Tanzania na hata zaidi Kenya, neno limehamia kwenye tabia. Mtu mwenye kisirani ni mwenye kununa bila sababu, anayeharibu shughuli kwa maneno, anayeanzisha ugomvi pale palipotulia. "Ameamka na kisirani" maana yake ameamka na hasira. Maana hizo mbili hazijaachana kabisa. Msikilize mwenye genge asubuhi, kabla hajauza hata fungu moja la nyanya, mteja wa kwanza anapobishana bei kisha anaondoka mikono mitupu: "Usiniletee kisirani asubuhi asubuhi!" Hapo analalamikia tabia ya mteja, na papo hapo anahofia kwamba siku nzima imekwisha kuharibika. Mteja wa kwanza ndiye anayemfungulia biashara, kwa hiyo ugomvi wake ni hasara ya siku. Ukilitumia kisirani mahali penye mguso huo wa tabia na hasara kwa pamoja, utakuwa umelitendea haki.

Kwa hiyo kisirani lazima kiwe na mleta. Basi kukuacha stendi hakuna mleta, na ndiyo maana sentensi yako ya tatu haikai.

Gundu ni la mtaani Tanzania, na limekubalika kabisa katika kurasa za michezo. Timu isiyopata ushindi kwa mechi kadhaa ina gundu. Ikishinda imetoa gundu. Mshambuliaji aliyekaa nusu msimu bila kufunga, bao lake la kwanza linafuta gundu. Tazama umbo lake: gundu ni hali yenye mwisho, nayo huisha mara moja kwa tendo moja. Nuksi haiishi hivyo. Mtu mwenye nuksi akipata samaki wengi siku moja, watu watasema wamepatikana kwa sababu ya mwingine aliyekuwa chomboni. Kijana wa riwaya yako anaweza kusema gundu, ila usimpe babu yake neno hilo. Na msomaji wa Mombasa huenda asilijue, basi liweke mahali ambapo muktadha utamfafanulia.

Balaa ni kitu kingine kabisa. Asili yake ni Kiarabu balaa, mtihani au mateso yanayompata mja. Balaa ni tukio lenyewe: moto, gharika, maradhi yanayoenea, polisi kuingia mtaani usiku. Halina uhusiano wa lazima na bahati ya mtu mmoja. Linaweza kuwafika watu elfu kwa wakati mmoja. Karibu yake yapo msiba, ambao kwa matumizi ya leo ni kifo na maombolezo yake. Janga, linalopenda ukubwa na eneo. Na masaibu, ambayo ni mlolongo wa mateso ya mtu anayesimuliwa. Msiba na masaibu yametoka shina moja na kitenzi kusibu, kama katika "yaliyomsibu". Kumbuka pia kwamba vijana wamelipindua balaa likawa sifa: "yule winga ni balaa" maana yake anawasumbua mabeki. Ukimwandikia kijana wa leo sentensi "Juma ni balaa", nusu ya wasomaji wataelewa kwamba Juma ni hodari.

Kabla sijaondoka upande huu, kuna neno ambalo sikuliona katika sentensi zako na ambalo riwaya ya pwani inalihitaji: ndege. Mbali na kiumbe chenye mabawa, ndege ni dalili, ishara ya jambo lijalo. Ndege njema ni dalili ya heri, ndege mbaya ni ya shari. Sarufi ndiyo inayotenganisha maana hizo. Ndege mwenye uhai huchukua upatanisho wa watu: ndege mzuri ametua. Ndege ya dalili hubaki katika ngeli ya I-ZI: ndege njema imeonekana. Kwa kivumishi -baya tofauti hiyo hupotea, kwa kuwa "ndege mbaya" ni umbo lilelile katika ngeli zote mbili; utaijua kwa kitenzi kinachofuata. Bundi akilia juu ya paa, ndege huyo mbaya ameleta ndege mbaya, na Mswahili hasikii kurudiarudia hapo. Kiarabu nacho kina jambo hilohilo: tiyara, kuamini mkosi wa ishara, limetoka katika tayri, ndege. Hadithi ya Mtume iliyopokewa na Bukhari na Muslim inakataza tiyara, na inataja bundi na mwezi wa Safari (mfungo tano kwa hesabu yetu) kuwa havina mkosi wowote. Katika hadithi za mlango huohuo, Mtume anaisifu fali, na alipoulizwa fali ni nini, akajibu kwamba ni neno jema analolisikia mtu. Hivyo fali ni dalili inayotia moyo. Mama wa Kiislamu anayeijua dini yake atamkemea anayeogopa bundi, lakini anaweza kusema bila wasiwasi "nimeipenda fali hii" akisikia mtu akitaja jina zuri wakati chombo kinasukumwa majini. Katika kijiji cha Tanga imani zote mbili zitakuwa nyumba moja, na ni vizuri riwaya ionyeshe hivyo bila kumdhihaki yeyote.

Sasa mazuri.

Bahati imefika kwetu kupitia Kiarabu, ambacho kiliipokea kutoka Kiajemi. Kimsingi haina upande: kuna bahati nzuri na bahati mbaya. Ila likisimama peke yake linaegemea uzuri, ndiyo maana "ana bahati" hatuhitaji kuongeza nzuri, na "kwa bahati" inatosha kumaanisha shukurani. Bahati haina historia na haina madai ya kimaadili. Mvivu anaweza kuwa nayo. Methali inayosema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi inalielewa hivyo hasa: bahati imemwangukia jirani, na haikupi wewe sababu yoyote ya kuingoja.

Kirai "bahati mbaya" kina kazi ya pili ambayo waandishi wengi huisahau. Ukimkanyaga mtu kwenye daladala unasema "samahani, bahati mbaya", na maana yake ni kwamba hukukusudia. Wala humwambii kwamba yeye hana bahati. Mtoto aliyevunja chungu husema "ni bahati mbaya, mama", na mama anayejibu "bahati mbaya gani, ulikuwa unakimbia!" anapinga madai ya kutokukusudia. Katika riwaya, kirai hiki kina nguvu kubwa pale mtu anapotuhumiwa kwa hila. Juma akikata kamba ya mwenzake akasema ni bahati mbaya, msomaji atajua kinachobishaniwa ni nia yake.

Vitenzi viwili vya bahati ndivyo vilivyokuangusha katika sentensi ya tano. Kubahatika ni kupata kitu kwa bahati: alibahatika kupata chombo, sikubahatika kumwona mwalimu. Hii ya pili ni kauli ya adabu pia, maana haimlaumu mwalimu wala anayesema. Kubahatisha ni kujaribu bila kujua, kukisia: amebahatisha jibu, amebahatisha njia akatokea Muheza. Kamari kisheria huitwa michezo ya kubahatisha, na Tanzania kuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayoisimamia. Kwa hiyo "alibahatisha kupata chombo" inafanya umiliki wa ngalawa uwe matokeo ya kamari, na nadhani hukukusudia hivyo.

Nasibu asili yake ni fungu, sehemu aliyogawiwa mtu. Kwa Kiswahili cha leo limebaki katika bahati nasibu, katika jina la watu, na katika lugha ya utafiti: sampuli nasibu ni ile ambayo kila mmoja ana nafasi sawa ya kuchaguliwa. Kwa nasibu, basi, ni bila mpango, na linatofautiana na sadfa, ambayo ni mambo mawili kukutana bila kupangwa. Watu wawili wenye jina moja kupanda dau moja ni sadfa. Haina uzuri wala ubaya. Angalia usiteleze ukaandika nasaba, ambayo ni ukoo, wala kunasibisha, ambako ni kuhusisha kitu na asili yake. Ndugu mwingine wa nasibu ni kura. Siku hizi tunapiga kura kuchagua wabunge, lakini kura ilikuwa kwanza kile kinachotupwa ili bahati iamue. Katika Biblia askari wanapiga kura ili wagawane mavazi ya Yesu, na mabaharia wanapiga kura ikamwangukia Yona. Katika kijiji, mafungu ya samaki bado yanaweza kugawanywa kwa kura, na hapo neno linarudi kwao.

Sudi ni bahati njema yenye asili moja na ile saada ya wanafalaki. Lina ladha ya kishairi, na kwenye nathari ya kawaida litasikika limepambwa. Ngekewa ni zuri zaidi kwa nathari: ni bahati njema inayokuja bila kutarajiwa, mtu akapata alichokuwa hakukifikiria. Zali ni ngekewa ya kijana wa mjini. Nyota ya jaha ni bahati ya kuzaliwa nayo, yenye heshima na mvuto kwa watu. Aliyezaliwa na nyota hiyo hupendwa bila kujua kwa nini. Katika mkondo huo ndimo zilimozaliwa lugha za mabango ya waganga yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme: kusafisha nyota, kuondoa mikosi na nuksi, mvuto wa biashara. Zingatia kwamba "mikosi na nuksi" kwa pamoja, kama kirai kimoja, ni lugha ya bango. Mganga wa riwaya yako aitumie. Mvuvi akiitumia akiwa peke yake baharini atasikika kama anasoma tangazo.

Baraka na riziki hazimo kabisa katika familia ya bahati, na hapa ndipo mhariri wako amegusa jambo kubwa. Riziki ni kile unachokula na kukuwezesha kuishi, na imegawiwa na Mungu. Kinachobaki kwako ni kuitafuta. Mtoto huja na riziki yake. Baraka ni ongezeko lisiloonekana: samaki wachache wakatosha watu wengi, pesa kidogo ikafika mwisho wa mwezi. Tajiri anaweza kuwa na bahati na mali yake ikakosa baraka. Wazee wanaokataza kufagia usiku husema unafagia riziki au baraka, hutawasikia wakisema unafagia bahati. Bahati haikai ndani ya nyumba, baraka hukaa. Mvuvi aliyerudi na kikapu nusu na kusema "riziki ndiyo hiyo" hajalalamika wala hajajiona ana mkosi. Ukimpa Juma sentensi hiyo mapema katika kitabu, na baadaye umpokonye, asiweze tena kuisema, msomaji ataona alivyovunjika bila wewe kueleza.

Heri ni wema, amani na mwisho mwema wa jambo, na kinyume chake ni shari. Methali heri nusu shari kuliko shari kamili inalicheza neno hilo: heri ya mwanzo ni afadhali, shari ni madhara. Na ndiyo tunayotakiana. Mswahili anayemuaga mtu hamtakii bahati nzuri. Humtakia kila la heri, heri na fanaka, au humwombea: Mungu akutangulie, Mungu akujaalie, uende salama, ufike salama. "Bahati nzuri" au "bahati njema" katika nafasi ya maagano masikioni mwa wengi inasikika kama mzaha wa bahati nasibu. Mama wa Tanga hatamwachia mwanawe bahati. Atamkabidhi kwa Mungu.

Juu ya yote haya kuna ngazi ya maandiko: kadari, takdiri, kudura, majaaliwa. Nitaitaja kwa ufupi, kwa kuwa wanaoyatumia maneno haya kwa kawaida wanayatumia sawasawa. Kadari ni kilichopimwa na kuandikwa kabla. Takdiri iko hapohapo, na hupendwa zaidi katika mashairi. Kudura ni uwezo wa Mungu unaotenda. Majaaliwa ni alichomjaalia mja, na huelekea wema, kama katika "wamejaaliwa mtoto". Mwenye kusema haya haulizi namna ya kuondoa kitu, kwa sababu kilichoandikwa hakiondolewi kwa kuogeshwa maji ya majani.

Neno moja la ngazi hii limebadilika na litakufaa: ajali. Kwa mtu wa leo ni gari kugongana na pikipiki. Asili yake ni muda uliowekwa, hasa muda wa kufa. Methali ajali haina kinga ilisema kwamba saa ya mauti ikifika hakuna ngao, na nyingine, riziki kama ajali huitambui ijapo, inalinganisha vitu viwili vilivyoandikwa ambavyo hakuna ajuaye saa ya kufika kwake. Ukimweka mzee wa miaka themanini ayaseme hayo ufukweni, kijana anayemsikiliza atadhani anazungumzia magari ya barabara ya Segera. Kutoelewana huko ni kwa kweli, na kunatokea majumbani kila siku.

Kuhusu majina ya watu, uangalifu kidogo. Bahati, Sudi, Nasibu, Majaliwa, Heri, Baraka ni majina ya kawaida, na vilevile Tabu, Shida na Mashaka, ambayo mara nyingi hukumbusha hali ya wazazi wakati wa kuzaliwa mtoto. Juma ni jina lisilosema kitu kuhusu bahati, na umefanya vizuri. Ungemwita Sudi, kila tukio baya lingesikika kama kejeli ya mwandishi.

Upatanisho nao, kwa haraka: mkosi huu, mikosi hii, kisirani hiki, gundu hili, zali hili, nuksi hii, ngekewa hii, bahati hii, heri hii, shari hii. Balaa utaliona kwa njia mbili, balaa hili na balaa hii. Chagua moja ulishike mpaka mwisho wa kitabu.

Sasa sentensi zako. Ya pili: "Jana sokoni lilizuka balaa, moto ukaunguza vibanda vyote." Kama unataka kuonyesha kwamba watu wanamlaumu mtu, ongeza yao: "na wapo waliosema ni nuksi ya Juma, aliyepita hapo asubuhi." Hapo maneno yote mawili yanafanya kazi yake. Ya tatu: "Kwa bahati mbaya, basi la Pangani likamwacha." Anayekosa basi huachwa na basi, kuchelewa basi kunasikika kigeni. Ya tano: "Baada ya miaka miwili alibahatika kupata chombo chake mwenyewe", au kama msimulizi ni mcha Mungu, "alijaaliwa". Ya nne: "Haya mwanangu, Mungu akutangulie, ufike salama." Kila la heri ingefaa zaidi kama anakwenda kufanya mtihani au usaili wa kazi.

Ya kwanza haina jibu moja, inategemea anayesema. Mama yake: "Mwanangu ameandamwa na mkosi tangu azaliwe." Nahodha aliyemkatalia kazi: "Yule ana nuksi, chomboni mwangu hakanyagi." Shemeji anayemwona kila mara amenuna mlangoni: "Kisirani kimeshaamka." Rafiki yake wa mpirani: "Twende Jumamosi ukatoe gundu." Imamu wa msikiti wa kijiji atayakataa maneno hayo manne na kusema ni kadari, na kwamba subira ina malipo yake. Yagawe hivyo, kila mtu na lake, na balaa liondoe katika sura zote zinazotangulia siku ya moto.